Bendera za Simchat Torah: mwongozo kamili, kuanzia karatasi tupu hadi tufaha la juu

Usiku wa Simchat Torah, sikukuu ya Kiyahudi ya kuifurahia Torati, magombo yote ya Torati hutolewa katika kabati la sinagogi. Watu wazima huyapakata kifuani, wakaizunguka bima, lile jukwaa la kusomea Torati, mara 7 kwa nyimbo na dansi, na asubuhi yake mizunguko hiyo, iitwayo hakafot, hurudiwa tena. Gombo kamili pamoja na fimbo zake mbili za mbao laweza kupita kilo 10, kwa hiyo mtoto wa miaka 5 hapewi. Yeye hupewa bendera.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloamua kila kipimo na kila tone la gundi katika mwongozo huu. Bendera hii si pambo la kutundika ukutani. Ni fungu la mtoto katika ibada ya usiku ule. Itashikwa na mkono wenye jasho na peremende, itapigwa viwiko na watu wazima wanaocheza, itapeperushwa kwa saa nzima na zaidi. Ikichanika mzunguko wa 3, mtoto anabaki na kijiti mkononi huku wenzake wakiendelea. Tunataka ifike mzunguko wa 7 ikiwa nzima, na mwakani itolewe tena.

Sikukuu na bendera yake

Simchat Torah ni siku ya kuhitimisha mwaka wa kusoma Torati. Sura za mwisho za Kumbukumbu la Torati husomwa, na papo hapo msomaji mwingine huanza Mwanzo sura ya 1, ili isionekane kuwa mtu amemaliza akaweka kitabu chini. Huko Israeli huadhimishwa tarehe 22 ya mwezi wa Tishrei, na kwa Wayahudi wengi walio nje ya Israeli tarehe 23, mara tu baada ya Sukkot, yaani Sikukuu ya Vibanda. Kwa kalenda yetu ni mwisho wa Septemba au Oktoba.

Desturi ya bendera ilikua kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wale wa Ulaya ya kati na mashariki, na habari zake zinafika karne ya 17. Kufikia karne ya 19 wachapaji wa Poland na Galicia, eneo ambalo leo liko Poland na Ukraina, walikuwa wakichapa bendera za karatasi kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kisha zinapakwa rangi kwa mkono. Picha zao ndizo tunazozifuata mpaka leo: kabati la Torati katikati, Musa na Haruni pembeni, simba wawili juu wakishika taji au mbao za Amri Kumi, na chini watu wanaocheza. Tazama vizuri zile za zamani utakuta watoto waliochorwa wamebeba bendera zenye tufaha juu, bendera ndani ya bendera. Baada ya 1948 wachapaji wa Israeli wakaongeza bendera ya taifa na hata askari.

Kitu kimoja katika bendera hizo hakina mpinzani: milango ya kabati inayofunguka. Imekatwa kwenye karatasi yenyewe, mtoto anaifungua kwa kidole, na ndani anaona magombo. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu kwa umakini, fanya milango.

Kalenda kabla ya mkasi

Siku ya sikukuu yenyewe hakuna kuandika, kukata, kubandika, kushona wala kuchana. Hata siku za katikati za Sukkot zina mipaka yake kuhusu kuandika na kazi za ufundi. Kwa hiyo bendera zimalizike kabla Sukkot haijaingia.

Kwa mwaka 2026 hesabu iko hivi. Sukkot inaingia jioni ya Ijumaa 25 Septemba. Simchat Torah huko Israeli ni Jumamosi 3 Oktoba. Kwingineko ni Jumapili 4 Oktoba, ikianza Jumamosi baada ya giza kuingia. Mahali pote pawili Shabati, yaani Sabato ya Jumamosi, imo ndani ya hesabu, na Shabati haibebwi kitu barabarani pasipo na eruv, ule mpaka unaoruhusu kubeba, wala haifanyiwi maandalizi ya siku inayofuata. Maana yake bendera na matufaha viwe vimeshafika sinagogini Ijumaa 2 Oktoba kabla jua halijatua. Mimi ningeanza kazi katikati ya Septemba, baada ya Rosh Hashanah, Mwaka Mpya wa Kiyahudi, nikatenga alasiri mbili: ya kwanza kwa kuchora na kukata, ya pili kwa kupaka rangi na kufunga vijiti. Gundi inahitaji usiku mzima kati ya hizo mbili.

Vifaa vya bendera moja

Karatasi ngumu ya manila, nyeupe au ya rangi ya maziwa, vipande viwili: cha mbele sentimita 30 kwa 21, cha nyuma sentimita 27 kwa 21. Karatasi ya fotokopi ni laini mno, milango yake hujikunja baada ya kufunguliwa mara chache. Kadibodi nayo ni nene, haikunjiki vizuri kuzunguka kijiti.

Kijiti cha mviringo chenye urefu wa sentimita 45 na unene wa milimita 10. Fundi seremala anaweza kukupa mabaki. Mwanzi mwembamba unafaa pia, mradi umekatwa vizuri na hauna nyuzi za kuchoma. Vijiti vya mishikaki usivitumie kabisa: ni vyembamba, vina ncha, na katika umati wa watoto vinakuwa sawasawa na kimo cha macho.

Zaidi ya hapo: penseli, rula, kifutio, mkasi, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, kalamu ya wino iliyokwisha wino, gundi nyeupe ya mbao, brashi ndogo, msasa, sindano na uzi mnene, kalamu za rangi au kreyoni au rangi za maji, kalamu nyeusi ya wino usioyeyuka kwa maji, na nyingine nyeusi yenye ncha bapa kwa ajili ya herufi. Ukipata karatasi ya dhahabu na kipande cha mahameli, viweke kando kwa ajili ya magombo.

Kupima na kuchora

Laza karatasi ya mbele kwa upana. Upande wa kulia piga mstari wima sentimita 3 kutoka ukingoni. Ukanda huo ndio utakaozunguka kijiti, usichore kitu juu yake. Kijiti nakiweka kulia kwa sababu Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hivi neno linaanzia kwenye kijiti na kutembea kuelekea upepo. Aliyesoma Kiarabu chuoni ataona mpangilio huu ni wa kawaida kabisa.

Sasa una uwanja wa sentimita 27 kwa 21. Chora fremu kuuzunguka kwa ndani, sentimita 1 kutoka kila ukingo. Tafuta katikati, sentimita 13.5 kutoka kushoto, na upige mstari mwepesi wima. Huo ndio mstari wa kukutania milango. Chora mstatili wa kabati wenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 11, nusu huku na nusu huku ya mstari, chini yake ukiacha sentimita 3.5 kutoka ukingo wa chini. Kila mlango unakuwa sentimita 5 kwa 11.

Juu ya kabati zimebaki sentimita 6.5: hapo weka mbao mbili za Amri Kumi zenye vichwa vya duara, na simba mmoja kila upande akizishika kwa mguu wa mbele. Pembeni, kila upande una nafasi ya sentimita 7 hivi baada ya fremu. Weka Musa na Haruni kama unapenda bendera ya kizamani, Musa na fimbo au mbao, Haruni na vazi la kuhani lenye kibao cha kifuani cha mawe 12. Mimi huwapa watoto nafasi hiyo: mvulana upande mmoja, msichana upande wa pili, wote wamebeba bendera, kama walivyofanya wachapaji wa kale kwenye mstari wa chini. Chini ya kabati ni mahali pa maandishi.

Chora kila kitu kwa penseli kwanza. Wanadamu, wanyama na mimea vinaruhusiwa kwenye bendera hizi na vimekuwepo siku zote. Mungu hachorwi kwa namna yoyote, hata mkono kutoka mawinguni, hapa uache.

Milango

Weka karatasi juu ya kadibodi au ubao wa kukatia. Utakata mistari mitatu tu: mstari wa katikati kutoka juu hadi chini ya kabati, mstari mlalo wa juu, na mstari mlalo wa chini. Ukimaliza, mikato yako inafanana na herufi kubwa ya I yenye kofia na kiatu. Mistari miwili wima ya pembeni haikatwi. Hiyo ndiyo bawaba.

Kata kwa rula ya chuma, wembe ukisimama wima, kwa kupitisha mara mbili au tatu taratibu badala ya kukandamiza mara moja. Kazi hii ni ya mtu mzima au mtoto mkubwa anayesimamiwa. Anza mkato kila mara kwenye kona na umalizie katikati. Mkono ukiteleza, utateleza ndani ya mlango na si nje kwenye picha.

Kabla ya kufungua, tengeneza bawaba. Chukua ile kalamu iliyokwisha wino, iegemeze kwenye rula, uipitishe kwa nguvu kwenye mstari wa bawaba mpaka karatasi iwe na mfereji mdogo usio na rangi. Halafu kunja mlango kwa nje taratibu, ukiusindikiza kwa kidole. Bila mfereji huo, karatasi hujikunja inapotaka yenyewe, mlango unakaa upande, na nyuzi za manila zinaanza kupasuka. Ukiwa nao, mlango utafunguka na kufunga usiku mzima.

Milango ina tabia ya kubaki imefumba nusu. Nipunguze maneno: toboa tundu dogo la sindano kwenye kila mlango, karibu na mstari wa katikati, pitisha uzi wa rangi, funga fundo nyuma na uache kitanzi kidogo mbele. Mtoto anapata mpini wa kuvutia, na vitanzi viwili vikifungwa kwa utepe mwembamba, kabati linakaa limefungwa mpaka hakafot zianze. Fundo lifunguke kwa kuvuta tu, la kupindishwa kama la viatu, kwa sababu usiku ule hakuna kukata uzi.

Magombo ndani ya kabati

Laza karatasi ya mbele juu ya ile ya nyuma, kingo za kushoto, juu na chini zikilingana. Fungua milango, na kwa penseli fuatisha mwanya wake juu ya karatasi ya nyuma. Ondoa ya mbele. Una dirisha la sentimita 10 kwa 11 la kujaza.

Magombo matatu yanajaza vizuri, la katikati likiwa refu kidogo. Gombo la Ashkenazi lina umbo hili: vazi la kitambaa linaloteremka wima, juu yake vishikio viwili vya mbao vinachomoza, juu ya vishikio kuna taji moja la fedha au mapambo mawili yenye kengele ndogo, na kifuani limening'inia bamba la fedha pamoja na kijiti cha kusomea chenye mkono mdogo mwishoni. Wayahudi wenye asili ya Iraki au Yemeni huweka gombo ndani ya kasha gumu la mbao au chuma linalosimama wima na kufunguka nusu mbili. Chora lile ambalo watoto wako watalikuta sinagogini kwao. Mtoto atafungua mlango wa karatasi na mbele yake pia kabati lenyewe litakuwa wazi. Vinavyofanana hivyo humfurahisha kuliko mapambo yote.

Hapa ndipo mahameli inapofanya kazi: kata vazi la gombo la kati kwa kitambaa, lipake gundi kidogo sana, libandike. Taji likatwe kwenye karatasi ya dhahabu. Usizidishe unene, mlango lazima ufunge juu yake.

Paka rangi ndani sasa, kabla ya kubandika.

Kubandika karatasi mbili

Paka gundi nyeupe kwa brashi kwenye karatasi ya nyuma, safu nyembamba, kutoka ukingoni kuja ndani, na uache sentimita 1 yote kuzunguka dirisha bila gundi. Gundi ikikandamizwa husambaa. Sentimita hiyo ni ya kuisubiri. Lalisha ya mbele juu yake milango ikiwa wazi, pangusa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke, chomeka kipande cha plastiki juu ya dirisha, funga milango juu ya plastiki, kisha weka bendera chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Gundi ya unga wa ngano inafaa kwa darasa kubwa lisilo na fedha, ila ina maji mengi, kwa hiyo manila hujikunja usipoikandamiza vizuri.

Maandishi

Maneno yaliyozoeleka zaidi kwenye bendera hizi ni haya:

שישו ושמחו בשמחת תורה

Husomwa „sisu ve-simchu be-Simchat Torah“, wito wa kushangilia na kufurahi katika Simchat Torah. Mengine ni mwanzo wa Kumbukumbu la Torati 33:4, aya ambayo watoto wengi wa Kiyahudi hufundishwa wakiwa wadogo kabisa, nayo inasema Torati tuliyoamriwa na Musa ni urithi wa mkutano wa Yakobo:

תורה צוה לנו משה

Nimechagua haya makusudi. Hayana jina la Mungu ndani yake. Karatasi iliyoandikwa Jina haitupwi wala haichanwi, na bendera mkononi mwa mtoto itaanguka chini, itakanyagwa, itararuka. Usiandike Shema, lile ungamo la „Sikiliza, Ee Israeli“, wala aya yoyote yenye Jina. Kama huna hakika na aya, tumia neno moja tu: תורה.

Kwa asiyejua Kiebrania, hatari iko kwenye herufi zinazofanana. ה na ח zina paa na miguu miwili, lakini ya kwanza mguu wa kushoto umeachana na paa, na ya pili umeshikana nalo. ת ni kama ח ila mguu wake wa kushoto una kiatu kidogo kinachotazama nje. ר ina bega la mviringo. Ukiipa kona kali inakuwa ד, na neno Torah limeharibika. Mwombe mtu anayesoma akague penseli yako kabla ya wino.

Piga mistari miwili myepesi yenye kimo cha sentimita 1.5. Anza kulia. Shika ile kalamu ya ncha bapa ili mistari milalo itoke minene na ile ya wima itoke myembamba. Ni kinyume cha mwandiko wa herufi zetu za Kilatini, na ndicho kinachofanya maandishi yaonekane ya Kiebrania kweli. Hesabu herufi na nafasi kabla hujaanza: maneno manne yale ya mwanzo yana herufi 18 na nafasi 3, na ukanda wako wa ndani ya fremu ni sentimita 25, kwa hiyo kila moja ina sentimita 1.2 tu. Wengi hujikuta wanabana neno la mwisho, nalo ndilo neno Torah.

Upande wa nyuma

Katika duara, aliye nyuma ya mtoto huona mgongo wa bendera. Usiuache mtupu. Ninaupenda kwa ajili ya makabila 12, kwa sababu Hesabu 2:2 inaeleza jinsi wana wa Israeli walivyopiga kambi kila mtu penye bendera yake, na alama nyingi ziko tayari kwenye baraka za Yakobo katika Mwanzo 49: Yuda ni simba, Zabuloni ni pwani na merikebu, Isakari ni punda, Dani ni nyoka wa njiani, Naftali ni ayala, Benyamini ni mbwa mwitu, Yusufu ni tawi lenye kuzaa kando ya chemchemi. Darasa la watoto 12 linaweza kugawana, kila mmoja kabila lake, na wakipanga foleni Torati inasomeka migongoni mwao. Mtoto mdogo asiyeweza kuchora nyoka aweke alama ya kiganja chake kwa rangi.

Jina la mtoto liandikwe hapa pia. Bendera 30 zikirundikwa mlangoni, jina ndilo linaloepusha kilio.

Kupaka rangi

Hapa niwaachie watoto. Neno moja tu: fuatisha mistari yote kwa kalamu nyeusi isiyoyeyuka kwanza, iache ikauke, ndipo upake rangi. Mistari minene myeusi yenye rangi tambarare tatu au nne ndiyo sura ya bendera za Poland, nayo huonekana kutoka mbali ukumbini kuliko rangi 15 zilizochanganywa.

Kijiti

Piga msasa kijiti chote, na ncha zote mbili uzifanye ziwe za mviringo. Paka gundi kwenye ule ukanda wa sentimita 3, uzungushe kwenye kijiti kuelekea nyuma, ukiacha sentimita 4 za kijiti juu ya bendera na sentimita 20 chini kwa ajili ya mkono. Bana kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke.

Gundi peke yake haitoshi. Toboa jozi tatu za matundu kando ya kijiti, juu, katikati na chini, pitisha uzi mnene ukizungusha kijiti mara mbili kila mahali, funga fundo kwa nyuma. Mtoto akizungusha bendera kwa nguvu, mvutano wote unaishia kwenye nyuzi hizo tatu. Stepla huonekana njia ya mkato, lakini miguu yake huchubua vidole.

Tufaha na mshumaa

Kwa desturi ya zamani, juu ya kijiti huchomekwa tufaha, na ndani ya tufaha mshumaa unaowaka. Tufaha libaki. Mshumaa, hapana. Karatasi, umati, watoto wanaocheza na moto uliobebwa juu ya kichwa haviendi pamoja, na usiku wa sikukuu hairuhusiwi hata kuuzima kwa hiari. Taa ndogo ya betri nayo haitatui jambo kwa jamii zinazoshika sheria, kwa kuwa kuwasha na kuzima umeme siku hiyo ni marufuku. Nafasi yake ipo, lakini baadaye: huko Israeli sikukuu ikishatoka hufanyika hakafot za pili, mara nyingi uwanjani na kwa vyombo vya muziki, na hapo taa ya betri inaruhusiwa.

Kwa tufaha, chagua dogo na gumu, jekundu likipatikana. Lina uzito, nao uzito ukiwa juu mkono mdogo huchoka upesi. Toboa tundu upande wa chini kwa bisibisi safi, kina cha sentimita 4, jembamba kidogo kuliko kijiti, kisha lisukume kwa kuzungusha. Ncha ya kijiti isitokeze juu. Likicheza, zungushia ncha ya kijiti utepe wa karatasi safi na ujaribu tena. Fanya haya kabla sikukuu haijaingia, jioni ile ile ya kupeleka sinagogini.

Kwa walio chini ya miaka 6, shona tufaha la kitambaa chekundu lililojazwa pamba, na lifungwe kwa uzi chini. Ni jepesi na likimwangukia mwenzake halimuumizi. Wadogo zaidi, wa miaka 2 au 3, wapewe bendera yote ya kitambaa kwenye kijiti kifupi cha sentimita 25, bila milango, kwa sababu mlango wa karatasi utaishia mdomoni.

Ukiwa na watoto wengi

Anayeandaa bendera 40 hawezi kuchora 40. Rudia njia ya wachapaji: chonga mara moja, chapa mara nyingi. Kipande cha linoleamu au raba laini ya kuchongea kinatosha, kwa fremu, simba na maandishi. Milango itakatwa kwa mkono baadaye. Chora picha kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ipindue uso chini juu ya raba, isugue kwa kijiko. Picha inahamia ikiwa imegeuzwa, na ndivyo inavyotakiwa: kwenye kibao Kiebrania kisomeke kutoka kushoto, ili kwenye karatasi kisomeke kutoka kulia. Chonga pale ambapo hutaki wino, mkono mwingine ukiwa siku zote nyuma ya patasi. Paka wino kwa rola, lalisha manila, sugua mgongo wake kwa kijiko, inua. Michapo miwili ya kwanza huwa hafifu mpaka kibao kizoee wino.

Ongeza bendera tano au sita zisizo na jina. Usiku huo kuna wageni, na mtoto mgeni asiachwe mikono mitupu. Jamii ndogo kama ile ya sinagogi la Nairobi, au Abayudaya wa vilima vya Mbale nchini Uganda, ambao historia yao inaanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, hazihitaji kuagiza chochote kutoka nje kwa kazi hii: manila, gundi na fito vinapatikana madukani na kwa mafundi wa mtaani.

Baada ya sikukuu

Tufaha liliwe, halivumilii wiki ya pili. Futa kijiti, funga milango kwa utepe wake, weka kipande cha karatasi laini kati ya milango na magombo ili rangi zisigandane, na uhifadhi bendera ikiwa imelala, mahali pakavu. Bawaba iliyoanza kupasuka ibandikwe kwa ndani ukanda mwembamba wa kitambaa kwa gundi nyeupe. Ni imara kuliko selotepu, ambayo hugeuka njano na kubanduka. Bendera iliyoraruka isiyofaa tena, kama ina aya ya Torati, usiitupe jaani. Ipeleke sinagogini iwekwe pamoja na maandiko mengine yaliyochakaa, yanayosubiri kuzikwa kwa heshima.